Nukta mkato huja mwisho: namna ya kusahihisha sentensi za Kiingereza

Mwezi uliopita mpwa wangu, ambaye yuko mwaka wa tatu akisomea uhasibu, alikuja nyumbani na barua aliyoiandika kwa Kiingereza kuomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani alinikabidhi karatasi na kusema, “Mjomba, naomba uniangalizie nukta mkato tu, mengine nimeshayamaliza.” Niliisoma aya ya kwanza mara mbili. Ilikuwa na nukta mkato mbili, na zote mbili zilikaa mahali pasipo pake, lakini sikuweza kuzisahihisha kwa kuzifuta na kuweka alama nyingine, kwa sababu kasoro haikuwa kwenye alama. Ilikuwa kwenye sentensi zenyewe.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikisahihisha Kiingereza cha wanafunzi na wafanyakazi waliokulia katika Kiswahili, na hilo ndilo ninalolikuta karibu kila mara. Mwandishi hutafuta kanuni ya nukta mkato, ile alama yenye nukta juu na mkato chini, kabla hajajua sentensi yake ina vishazi vingapi na ni kipi kati ya hivyo kinachoweza kujitegemea. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza mbali kidogo na alama yenyewe. Anayetaka kuitumia ipasavyo aanze na kitenzi, aende kwenye kishazi, afike kwenye kiunganishi, na alama aiweke mwisho. Akifuata mpangilio huo, mara nyingi ataona kwamba imebaki alama moja au mbili tu zinazofaa.

Mahali ambapo lugha hizi mbili huachana

Kitenzi cha Kiswahili hubeba mzigo mkubwa. Neno “tulimwona” lina mtendaji, wakati, mtendwa na tendo, na mtu akiliandika peke yake na kuweka nukta, amekamilisha sentensi. Kiingereza hulitawanya jambo hilohilo katika maneno matatu, “We saw him”, na hakiruhusu neno la kwanza lidondoke. Kutokana na tofauti hiyo huzaliwa makosa mawili yanayoelekea pande mbili. Kosa la kwanza ni kudondosha kiima: mtu huandika “Is raining” au “When arrived home, I slept”, kwa sababu “inanyesha” na “nilipofika” havikuwahi kuhitaji neno la pembeni. Kiingereza kinataka “It is raining”, ingawa hiyo “it” haimtaji yeyote wala chochote. Nafasi ya kiima sharti ijazwe hata kama hakuna wa kuijaza.

Kosa la pili ni kukirudia kile kilichokwisha kutajwa. “My brother he works in Arusha” ni sentensi iliyojengwa juu ya “kaka yangu anafanya kazi Arusha”, ambapo kiambishi “a-” hufuata nomino na hakuna anayeona kasoro. Vivyo hivyo “The book which I bought it is lost” inatokana na “kitabu nilichokinunua”, ambapo kitabu kimerejelewa mara mbili ndani ya neno moja. Katika Kiswahili upatanisho wa kisarufi ndio unaoleta viambishi hivyo, na ni fahari ya lugha yetu. Katika Kiingereza nomino ikishakaa kwenye nafasi ya kiima, kiwakilishi chake hakiingii tena, na “which” au “that” ikishachukua nafasi ya kitabu, “it” haina pa kukaa. Sentensi sahihi ni “My brother works in Arusha” na “The book that I bought is lost”.

Tofauti inayoathiri alama za uandishi moja kwa moja ni ile ya kiambishi “-ka-”. Tunasema, “Nilikwenda sokoni, nikanunua samaki, nikarudi nyumbani,” na mkato unatosha kabisa, kwa sababu “-ka-” yenyewe ndiyo kamba inayofunga tendo la pili kwenye la kwanza na la tatu kwenye la pili. Mtu akiihamisha sentensi hiyo kama ilivyo atapata “I went to the market, I bought fish, I returned home”. Hapa kamba imekatika. Vishazi vyote vitatu vinaweza kusimama peke yake, na kilichobaki kati yake ni mikato miwili, ambayo katika Kiingereza haina nguvu ya kuunganisha vishazi huru. Nakiri kwamba kuna sentensi mashuhuri zilizojengwa hivyo, kama maneno ya Julius Caesar ambayo hutafsiriwa “I came, I saw, I conquered”, lakini vishazi hivyo ni vifupi mno na vina mdundo mmoja. Mtu anayeandika ripoti au barua ya kazi asiufanye mfano huo kuwa ruhusa. Sokoni na nyumbani tunaweza kufika kwa kiima kimoja na vitenzi vitatu: “I went to the market, bought fish and returned home”. Hakuna nukta mkato hapo, wala haikuhitajika.

Kuna na mtego wa kiambishi “-ki-”, ambao hata waandishi wazuri hunaswa nao. “Nikitembea kwenda shule, mvua ilianza kunyesha” ni Kiswahili safi, kwa kuwa “ni-” inamtaja anayetembea. Kiingereza chake cha haraka ni “Walking to school, the rain began to fall”, na hapo mvua ndiyo inayotembea kwenda shule, kwa sababu neno “walking” halina “ni-” wala “a-” na hivyo hujishikiza kwenye nomino iliyo karibu. Dawa ni kumrudisha mtembeaji ndani ya sentensi: “As I was walking to school, the rain began to fall”.

Mwisho kuna viunganishi vinavyokwenda wawili wawili. Wengi wetu husema “ingawa mvua ilinyesha, lakini tulikwenda”, na masikio ya Kiswahili huvumilia. Kiingereza huchagua kimoja: ama “Although it rained, we went”, ama “It rained, but we went”. Anayeandika “Although it rained, but we went” ameufanya upande wa kwanza kuwa tegemezi kisha akauunganisha kana kwamba ni huru.

Hesabu vishazi kwanza

Chukua penseli na uisome sentensi yako moja baada ya nyingine. Pigia mstari kila kitenzi kinachoonyesha wakati, zungushia duara kiima cha kila kitenzi hicho, kisha weka alama ya vema juu ya kila neno linalounganisha. Kazi hii ni ya polepole siku za mwanzo, na mtu asiione haya kuifanya hata kama ana shahada. Baada ya kurasa kumi hivi jicho huanza kuifanya lenyewe bila penseli.

Katika kuhesabu, usidanganywe na maneno yanayofanana na vitenzi. “Working”, “written” na “to work” yakiwa peke yake hayahesabiwi, kwa sababu hayaonyeshi wakati mpaka yasaidiwe na “is”, “was”, “has” au mengine ya aina hiyo. “The clerk working at the counter” ina karani, ina kaunta, na ina kitu kinachofanana na tendo, lakini si sentensi. Msomaji anabaki akisubiri kuambiwa karani huyo alifanya nini. “The clerk working at the counter refused the form” ni sentensi, na kitenzi chake ni “refused”.

Ukishapata vishazi vyako, kisome kila kimoja kwa sauti peke yake, kama vile mtu ameingia mlangoni na kukisema bila kutanguliza neno lolote. “The ferry was late.” Kinasimama. “Because the ferry was late.” Hakisimami, anayesikia atauliza, kwa hiyo ikawaje? “Which annoyed his mother.” Nacho hakisimami. Vipande kama hivi viwili vya mwisho vikifungwa kwa nukta huwa ni vipande vya sentensi, na ndivyo vinavyojaa katika insha za wanafunzi wetu, hasa vinavyoanza na “because”, kwa kuwa katika mazungumzo mtu akiuliza “kwa nini?” jibu la “kwa sababu ya mvua” linatosha. Kwenye karatasi muulizaji hayupo, kwa hiyo kipande hicho sharti kiungwe na sentensi iliyotangulia au inayofuata.

Maneno ya kuunganisha yako ya aina tatu

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji atulie, kwa sababu atakayeielewa sehemu hii vizuri atakuwa ameondoa sehemu kubwa ya makosa yake ya nukta mkato.

Aina ya kwanza ni maneno saba mafupi: “for”, “and”, “nor”, “but”, “or”, “yet” na “so”. Haya huunganisha vishazi huru viwili kwa usawa, na kabla yake huwekwa mkato: “The ferry was late, so we missed the meeting”. Aina ya pili ni maneno yanayokitegemeza kishazi juu ya kingine, kama “because”, “although”, “when”, “if”, “while”, “unless”, “until” na “which”. Kishazi chenye neno la aina hii kikitangulia, mkato hukifuata: “Because the ferry was late, we missed the meeting”. Kikija nyuma na neno lenyewe ni “because”, “when” au “if”, kwa kawaida mkato hauhitajiki.

Aina ya tatu ndiyo yenye hila: “however”, “therefore”, “moreover”, “nevertheless”, “consequently”, “otherwise”, “meanwhile”, “instead”, “then”. Yanasikika kama viunganishi, na tafsiri zake za Kiswahili, yaani “hata hivyo”, “kwa hiyo”, “zaidi ya hayo”, “la sivyo”, “kisha”, sisi huziweka baada ya mkato bila wasiwasi. Lakini katika sarufi ya Kiingereza maneno haya ni vielezi. Yanamwambia msomaji uhusiano uliopo kati ya mawazo mawili. Hayana uwezo wa kuzifunga sentensi mbili ziwe moja. Kwa hiyo “The road was flooded, therefore we turned back” ni kosa, wakati “The road was flooded, so we turned back” ni sahihi, ijapokuwa zote mbili kwetu ni “barabara ilifurika, kwa hiyo tulirudi”. Neno letu moja limesimama mahali pa maneno mawili yenye tabia tofauti.

Mwanafunzi akiniuliza atazitofautishaje aina hizi bila kukariri orodha, humwonyesha jaribio la kulihamisha neno. Neno la aina ya tatu linaweza kutembea ndani ya kishazi chake: “therefore we turned back” inaweza kuwa “we therefore turned back”, na maana isiharibike. Neno la aina ya kwanza halitembei: hakuna anayesema “we so turned back” kwa maana ileile, wala “we but turned back”. Likitembea, si kiunganishi, na mbele ya kishazi chake kunahitajika nukta au nukta mkato. “Then” pia huangukia humo. “We paid the fee, then we waited for two hours” husikika kila siku katika mazungumzo, lakini katika maandishi rasmi andika “We paid the fee; then we waited for two hours” au “We paid the fee, and then we waited for two hours”.

Sasa alama yenyewe

Nukta mkato ya aina tunayoijua ilianza kuchapwa huko Venice katika miaka ya 1490, kwenye kiwanda cha mchapishaji Aldus Manutius, wakati alama za uandishi zilipokuwa bado zinamwongoza zaidi msomaji wa sauti mahali pa kutua. Ilikusudiwa kuwa pumziko refu kuliko la mkato na fupi kuliko la nukta pacha. Nalitaja hilo kwa sababu mafundisho ya pumzi yangali hai katika madarasa yetu: mwanafunzi huambiwa atue kidogo aweke mkato, atue zaidi aweke nukta mkato. Ushauri huo ni wa wasomaji wa zama zile. Alama za Kiingereza cha leo hufuata muundo wa sentensi, na mtu mwenye mapafu madogo hana ruhusa ya kuweka nukta mkato nyingi kuliko mwenzake.

Kazi yake kuu ni moja: kuunganisha vishazi huru viwili ambavyo havina neno la aina ya kwanza kati yake na ambavyo mawazo yake yanahusiana kwa karibu. Jaribio lake ni rahisi. Iondoe, weka nukta, anza neno linalofuata kwa herufi kubwa, kisha usome pande zote mbili. Pande zote mbili zikisimama, nukta mkato inaruhusiwa. Upande mmoja ukianguka, hairuhusiwi. “Although I have no experience; but I am ready” inashindwa mara moja, kwa sababu “Although I have no experience” haisimami. “He stayed at home; because he was sick” nayo inashindwa upande wa pili. Wanaoweka nukta mkato kabla ya “because”, “which” na “such as” wangefanya jaribio hili mara moja tu kwa kila sentensi, nusu ya kalamu nyekundu ya walimu ingepumzika.

Jaribio linasema kama alama inaruhusiwa, halisemi kama inafaa. Tazama sentensi yenye kosa la mkato, “The ferry was late, we missed the meeting”. Unaweza kuisahihisha kwa njia nne, na zote ni sarufi safi. Ukiandika “The ferry was late. We missed the meeting”, umetoa habari mbili na kumwachia msomaji aone uhusiano wake. Ukiandika “The ferry was late; we missed the meeting”, umeziweka habari hizo bega kwa bega na kuashiria kwamba ya pili inatokana na ya kwanza bila kulisema jambo hilo kwa neno. Ukitumia “so”, umelisema. Ukitumia “Because the ferry was late”, umeifanya feri kuwa sababu tu na mkutano kuwa ndiyo habari yenyewe. Mimi katika barua ya maelezo kwa mwajiri ningechagua “because”, kwa kuwa anachotaka kukijua ni kwa nini hukufika. Katika masimulizi ningechagua nukta mkato. Na kama habari mbili hazihusiani, alama haiwezi kuzihusisha: “The ferry was late; my cousin studies law” imepita jaribio la nukta na bado ni sentensi mbaya.

Inafaa sana pia mahali penye ulinganisho, hasa neno linapodondoshwa upande wa pili kwa sababu limeshasikika: “The elder son studied law; the younger, medicine”. Huo mkato baada ya “younger” unashika nafasi ya “studied”. Hapa jaribio la nukta halifanyi kazi vizuri, kwa sababu kitenzi kimefichwa, lakini ukikirudisha utaona kwamba vishazi viwili huru vipo.

Sasa “however”. Wengi wamekariri kwamba kabla ya “however” huwekwa nukta mkato na baada yake mkato, na wameishika kanuni hiyo kwa bidii hadi wanaandika “The driver; however, refused to wait”. Kanuni hiyo ni ya “however” iliyokaa mpakani mwa vishazi viwili: “We begged him; however, the driver refused to wait”. Ikiwa katikati ya kishazi kimoja, huzungukwa na mikato miwili tu: “The driver, however, refused to wait”. Kinachoamua ni kilicho kushoto kwake. “The driver” peke yake si sentensi, kwa hiyo nukta mkato haina haki ya kukaa hapo. Na kuna “however” ya tatu, yenye maana ya “hata kwa kiasi gani”, ambayo haifuatwi na alama yoyote: “However hard he tries, the door will not open”.

Nukta mkato huchanganywa na nukta pacha pia. Nukta pacha hutoa ahadi na kinachofuata huitimiza, kama katika “He brought three things: a pen, a receipt and his birth certificate”. Nukta mkato haitangulizi orodha, wala haifuati salamu ya barua. “Dear Sir;” si mtindo wa Uingereza wala wa Marekani; Waingereza huweka mkato au wasiweke kitu, na Wamarekani katika barua rasmi huweka nukta pacha.

Kuhusu namna ya kuichapa, haitanguliwi na nafasi, hufuatwa na nafasi moja, na neno linalofuata huanza kwa herufi ndogo isipokuwa likiwa jina maalumu au “I”. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi waliojifunza kuandika kwa Kifaransa huacha nafasi kabla yake, kwa sababu ndivyo Kifaransa kinavyodai. Wakiandika Kiingereza waiondoe. Ikikutana na alama ya kufunga nukuu, hukaa nje yake.

Orodha zenye mikato ndani

Kuna mahali pamoja ambapo nukta mkato haitenganishi vishazi huru hata kidogo, napo ni ndani ya orodha ambayo vipengele vyake vimeshatumia mikato. “The delegates came from Mombasa, Kenya, Tanga, Tanzania, and Jinja, Uganda” inaweza kusomeka kama mahali sita. Nukta mkato hurudisha matatu: “The delegates came from Mombasa, Kenya; Tanga, Tanzania; and Jinja, Uganda”. Zingatia kwamba hapa inaruhusiwa kabla ya “and”, jambo ambalo katika vishazi viwili vya kawaida ni la kuepuka. Hata kati ya vishazi huru hukubaliwa kabla ya “and” au “but” iwapo vishazi hivyo ni virefu na vina mikato mingi ndani yake, lakini ni afadhali sentensi ya namna hiyo ikatwe mbili.

Mfano mzuri kuliko wangu umo katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 10, inayotaja maadili ya taifa na kanuni za utawala. Kila kipengele, isipokuwa cha mwisho, kina mambo kadhaa yaliyotenganishwa kwa mikato, kama hiki cha tatu: “good governance, integrity, transparency and accountability; and”. Nukta mkato hufunga kipengele kizima, “and” hutangaza kwamba kinachofuata ndicho cha mwisho, na kipengele cha nne, “sustainable development”, hufungwa kwa nukta. Sheria nyingi za Afrika Mashariki zilizoandikwa kwa Kiingereza hupangwa hivyo, na anayefanya kazi ya mikataba au kanuni za chama azisome kwa jicho hilo, kwa sababu katika sheria neno “and” au “or” lililokaa baada ya nukta mkato ya mwisho huamua kama masharti yote yatimizwe au moja linatosha.

Barua ya mpwa

Hii ndiyo aya yake kama ilivyokuwa, naye ameniruhusu niitumie:

“I am a third-year student of accounting; and I am writing to ask for a place in your office. In my second year I studied bookkeeping, I also studied taxation, however I have not worked in a real office. Although I have no experience; but I am ready to learn. Because I believe that practice is the best teacher. Having studied hard, my results were good, and the certificate which I received it is attached.”

Tulikaa mezani na penseli. Sentensi ya kwanza ina vishazi viwili huru na “and” ya aina ya kwanza, kwa hiyo mkato unatosha. Ya pili ina vishazi vitatu huru. Viwili vya mwanzo vina kiima kimoja na kitenzi kimoja kilichorudiwa, tukavikunja kuwa “I studied bookkeeping and taxation”; cha tatu kinaanza na “however” iliyo mpakani, na kushoto kwake sasa pana sentensi kamili. Hapo ndipo nukta mkato ilipokuwa inahitajika, na ndipo mahali pekee ambapo yeye hakuiweka.

Sentensi ya tatu ilimpa shida. Alitaka kuondoa “but” na kuacha “Although I have no experience, I am ready to learn”, na kisarufi alikuwa sahihi. Nikamwomba asome sentensi iliyotangulia. Alikuwa ameshasema kwamba hajafanya kazi katika ofisi halisi, na hapa alikuwa anajishusha kwa jambo lilelile mara ya pili mbele ya mtu anayemwomba nafasi. Alikaa kimya kidogo, kisha akaifuta nusu nzima yeye mwenyewe. “I am ready to learn” ikabaki peke yake, na kipande cha “because” kilichokuwa kikielea kikapata pa kushika. Katika sentensi ya mwisho matokeo ndiyo yaliyokuwa yamesoma kwa bidii. Tukamrudisha msomaji halisi kwa “I”, tukaondoa “it”, na tukakitenga cheti katika sentensi yake.

“I am a third-year accounting student, and I am writing to ask for a place in your office. In my second year I studied bookkeeping and taxation; however, I have not yet worked in a real office. I am ready to learn because I believe that practice is the best teacher. I studied hard, and my results were good. The certificate that I received is attached.”

Nukta mkato imebaki moja. Aya ya pili nilimwachia aifanye mwenyewe chumbani, na aliporudi alikuwa amezungushia duara “therefore” mbili na kuandika pembeni yake, kwa penseli, neno “inatembea”.